Siku Obura Alipotupa Dawa

Mwaka wa 2003, hakukuwa na mtu Kitengela aliyeuliza maswali kama Obura. Alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya Namanga. Ukimletea redio iliyokufa, lazima akuhoji. Ilikufa ghafla au polepole? Ilianguka? Nani aliigusa mwisho?

"Fundi, kwani wewe ni polisi?" wateja walimuuliza.

Obura alicheka tu. Alitaka kujua. Siku moja aliifungua saa ya kanisa ili aone inavyozunguka, na waumini wakakaa muda mrefu bila kujua ibada inaisha saa ngapi. Mhubiri peke yake ndiye aliyefurahi.

Mke wake, Akoth, alikuwa mshonaji. Alishona sare za shule katika nyumba yao ya kupanga, nyuma ya soko. Walikuwa na mtoto mmoja, Linda, aliyesoma nasari. Asubuhi Obura alimpeleka shule. Mchana Akoth alikwenda kumchukua. Maji yaliletwa kwa mkokoteni wa punda. Vumbi lilikuja lenyewe.

Mwaka huo kazi ya Akoth ilianza kuharibika. Jirani yao, Mbeke, alirudisha shati la mtoto wake.

"Mama Linda, hebu ona. Hii mkono inaangalia nyuma. Sasa kijana yangu atembee kinyumenyume?"

Walicheka sana. Akoth akaufumua mkono huo, akaushona upya. Shati liliporudi kwa Mbeke, mkono ulikuwa bado unaangalia nyuma. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kulikuwa na mambo mengine. Akoth alisinzia juu ya cherehani. Maneno yake yalitoka polepole. Aliuliza jambo, akajibiwa, kisha akauliza jambo lilelile. Asubuhi alikuwa mkali bila sababu. Obura aliona yote hayo, akajiuliza, lakini hakupata jibu.

Kisha ikafika siku ya mvua. Jua lilikuwa karibu kuzama Mwalimu Shirleen alipopiga hodi. Alikuwa amemshika Linda mkono. Mtoto alikuwa amelowa, na macho yamevimba kwa kulia.

"Mama Linda, tumekungoja mpaka watoto wote wameenda," mwalimu alisema. "Uko sawa?"

Akoth alimtazama mtoto, akatazama kitanda, akamtazama mtoto tena.

"Lakini nilimchukua," alisema. "Si nilimchukua mchana?"

Obura alikuwa amerudi kutoka kazini. Aliyasikia maneno hayo, na moyo wake ukashtuka. Mwalimu alipoondoka, alisema kwa sauti kali, "Shule zikifunga Aprili, Linda anaenda Ugenya kwa mama yangu. Akae huko."

"Baba Linda, usininyang'anye mtoto."

"Leo umemsahau shule. Kesho utamsahau kwa barabara, lori zinapita."

Akoth alilia. Na yeye alikuwa anajiogopa.

Kesho yake Obura hakufungua kibanda. Alikaa nyumbani kutafuta kilichoharibika. Alitazama chakula, akanusa maji, akakagua jiko la makaa. Mwishowe alivuta droo ya cherehani. Nyuma ya nyuzi za kushonea alikuta vidonge vingi na karatasi tupu za vidonge.

"Hii ni dawa ya nini?" aliuliza.

Akoth aliketi. Alikuwa amechoka kuficha.

"Unakumbuka wezi walipovunja mlango, mwaka juzi? Sikuwa nalala. Mbwa akibweka, moyo unataka kutoka. Daktari akaniandikia hii ya kutuliza. Diazepam. Alisema nimeze wiki mbili."

"Na hii ni miaka miwili!"

"Ilinisaidia. Nililala. Zilipoisha nikaanza kutetemeka, nikadhani ni hofu imerudi. Nikanunua zingine kwa kemisti. Kimoja kikakataa kufanya kazi, nikameza viwili. Siku hizi ni zaidi. Kemisti moja ikianza kuniangalia vibaya, naenda ingine."

Mtu mwingine angeuliza kwanza kwa wanaojua dawa. Cha ajabu ni kwamba Obura, bingwa wa maswali, siku hiyo hakuuliza kitu. Alifikiri kifundi. Kifaa kibaya ukikiona, unakitoa, kazi imekwisha. Alibeba vidonge vyote hadi kwenye choo cha shimo, akavimwaga.

"Kuanzia leo hakuna dawa," alisema. "Ukipona kabla ya Aprili, Linda atabaki."

Akoth alikubali. Alimtaka mtoto wake. Angekubali hata kutembea kwa miguu mpaka Loitokitok.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Akoth hakupata usingizi hata kidogo. Alitoka jasho kwenye baridi. Mikono ilitetemeka mpaka akashindwa kupitisha uzi kwenye sindano. Kijiko kikigonga sufuria, alijiziba masikio. Obura alimwona, akafurahi. "Vumilia," alimwambia. "Hiyo ni uchafu inatoka."

Jumamosi, kabla wiki haijaisha, mteja wake alikuja nyumbani kuulizia redio yake. Huyu alikuwa Nalangu, nesi wa hospitali moja ya Kajiado, aliyekuja Kitengela kumtembelea dada yake. Kibanda alikikuta kimefungwa.

"Takwenya, sista!" Obura alimsalimu kwa Kimaasai chake cha Kijaluo.

"Iko," Nalangu alijibu, akicheka. "Fundi, redio yangu..."

Hakumaliza. Ndani ya nyumba kitu kilianguka kwa kishindo. Walikimbilia huko. Akoth alikuwa chini, macho yamegeuka, mwili wote unatikisika. Mbeke naye alifika mbio, ameshika kijiko.

"Tumwekee kwa meno! Atameza ulimi!"

"Hapana, mama, weka hiyo chini," Nalangu alisema. "Ulimi haumezwi. Kijiko itamvunja meno. Usimshikilie kwa nguvu pia. Baba Linda, sogeza hiyo cherehani isimgonge. Nipe leso ya kuweka chini ya kichwa."

Mwili ulipotulia, alimgeuza Akoth alale kwa ubavu, ili mate yatoke na apumue vizuri. Kisha akauliza, "Amewahi kuwa na kifafa?"

"Hajawahi."

"Kuna dawa alikuwa anameza, akaacha?"

Obura aligeuka kutazama upande wa choo. "Alikuwa anameza. Mimi ndiye nilizitupa."

"Tafuta gari," Nalangu alisema.

Jirani mwenye pikapu aliwapeleka Kajiado. Daktari alimpima Akoth, akamrudishia dawa ileile kwa kipimo alichokipanga yeye. Kesho yake Akoth aliweza kuketi na kunywa uji. Obura alikuwa kando ya kitanda, na maswali yake yote yalikuwa yamerudi. Nalangu alivuta kiti.

"Sista, kwa nini dawa ya kutuliza imwangushe mtu?"

"Si dawa imemwangusha. Ni kuikosa ghafla."

"Lakini dawa ndiyo ilikuwa inamharibu!"

"Hiyo pia ni kweli."

Katika kazi yake Obura hakuwahi kukutana na kifaa kinacholeta hitilafu kikiwa ndani, na kikitolewa kinaleta nyingine.

"Hebu nifafanulie," alisema.

"Hii dawa inatuliza ubongo," Nalangu alisema. "Ukiimeza muda mfupi, vile daktari amesema, inasaidia. Ukiendelea, ubongo unaizoea. Kipimo cha jana hakitoshi leo. Unaongeza. Akili inakuwa nzito, unasahau, unasinzia. Na ubongo wenyewe unaacha ile kazi yake ya kujituliza, kwa sababu kuna mtu anaufanyia. Sasa ukitoa dawa mara moja, ubongo unabaki bila msaada. Unatetemeka, unatoka jasho, hulali, sauti ndogo inakuumiza. Wengine wanaona vitu haziko. Wengine wanaanguka, na wengine wanakufa."

"Kwa hivyo ni kama sauti ya redio," Obura alisema polepole. "Nilifaa kupunguza kidogo kidogo. Mimi nikachomoa waya."

"Umeeleza vizuri kuliko mimi."

Hakujivunia sifa hiyo. Aliinamisha kichwa. "Mama Linda, karibu nikuue. Nisamehe."

Akoth alimgusa bega. Kisha akamgeukia nesi. Lilikuwa swali lililomkaa rohoni siku nyingi.

"Sista, mimi ni mlevi?"

"Dawa uliandikiwa na daktari?"

"Ndio."

"Ulijua inaweza kukuzoesha?"

"Hapana. Hakuniambia, na mimi sikuuliza."

"Basi wewe ni mgonjwa ambaye hakuambiwa. Sasa umeambiwa. Kilichobaki ni matibabu, si aibu."

Akoth alifikiri. "Nikianza kupunguza na mwili utetemeke, nitajuaje kama ni dawa inatoka, ama ni ile hofu ya wezi imerudi?"

"Hilo ni swali nzuri," Nalangu alisema. "Siku hiyohiyo ni ngumu kujua. Lakini ile ya dawa inakuja ukipunguza, halafu inashuka ukingoja. Ndiyo maana tunangoja mwili utulie kabla ya kupunguza tena. Na ile ya wezi iko na matibabu yake pia. Utakuja hapa tuiongelee. Dawa ilikuwa inaifunika tu. Na kitu ingine, usiguse pombe kabisa. Pombe na hii dawa pamoja zinaweza kuzima pumzi."

"Itachukua muda gani?" Obura aliuliza.

"Miezi. Mwili wake ndio utatuambia, si kalenda yako."

Aprili ilikuwa karibu. Akoth alimtazama mume wake. "Nipe mpaka Disemba," alisema. "Mbeke atanisaidia kumchukua Linda. Kama Disemba bado nasahau, nitamfungia nguo mimi mwenyewe."

Obura alikubali, akamwarifu mama yake Ugenya angoje mpaka Disemba.

Matibabu yakaanza. Vidonge alivitunza Obura, akampa mkewe kipimo cha kila siku. Kila walipokwenda Kajiado, daktari alimwuliza Akoth maswali, kisha akapunguza kidogo, au akasema wangoje. Akoth aliketi na Nalangu, akasimulia habari za wale wezi. Mara ya kwanza alitetemeka. Baadaye aliweza kuisimulia huku anakunywa chai. Alifundishwa kuvuta pumzi taratibu hofu ikija. Aliacha kahawa jioni. Alilala na kuamka kwa saa zilezile. Obura alitengeneza mlango, akauwekea komeo kubwa la kufaa jela.

Si kila wiki ilikuwa nzuri. Mwezi wa Julai, kwenye baridi, walipunguza kipimo na Akoth akakosa usingizi tena. Mchana mmoja miguu yake ilimpeleka kemisti. Muuzaji alimkumbuka.

"Mama, zile zako?"

Akoth alisimama. Mkono ulikuwa tayari kwenye pochi. Alimwona Linda machoni pake, anapanda gari la Ugenya na begi lake dogo.

"Nipe plasta," alisema.

Alitoka hapo moja kwa moja mpaka kibandani.

"Nimetoka kemisti," alimwambia Obura.

"Umenunua nini?"

"Plasta."

"Umejikata wapi?"

"Sijajikata popote."

Obura alielewa, na kwa mara ya kwanza hakuongeza swali. Alimvutia kiti. Wakaketi pamoja, wakitazama mbuzi wakipita kwenda sokoni, mpaka mikono ya Akoth ilipotulia. Wiki ile daktari hakupunguza kipimo. Walingoja.

Wewe unayesoma, labda una vidonge kama hivyo nyumbani. Jiulize. Je, umevimeza kupita muda ulioambiwa? Je, unaongeza? Je, unavificha, au unazunguka maduka ya dawa? Je, ukivikosa, mwili unakataa? Ukiona hivyo, usivitupe kwa hasira, wala usiache ghafla. Nenda hospitali, sema ukweli wote. Na siku ukiandikiwa dawa yoyote, uliza: ni ya nini, ni ya muda gani, na nitaiachaje? Kuuliza si kumkosea daktari heshima.

Mwezi wa Novemba Akoth alimeza kipande cha mwisho. Mashati yake sasa yalikuwa na mikono inayotazama mbele. Mbeke aliacha kwenda nasari, kwa sababu kila alipofika alimkuta Akoth amesimama langoni kabla ya kengele.

Shule zilipofungwa Disemba, Akoth alimchukua Linda wakapitia kibandani. Simu ya Obura ikalia. Alikuwa mama yake, kutoka Ugenya.

"Mtoto anakuja lini?" bibi aliuliza. "Nimeshamnunulia kitanda."

Obura alifungua mdomo, kisha akampa Akoth simu.

"Mama, ni mimi," Akoth alisema. "Tunakuja wote Krismasi. Halafu nitarudi naye."

"Akoth, umepona?"

"Nimepona, Mama. Na siku nikilemewa, nitasema. Sitaficha tena."

"Na kitanda changu?"

"Kitandike, Mama. Atalala hapo mpaka sikukuu ziishe."

Bibi alicheka. "Basi mlete mtoto wako nimwone."

Akoth alirudisha simu. "Amesema nimlete mtoto wangu," alimwambia Obura. Akamshika Linda mkono, wakavuka barabara kurudi nyumbani.