Mlinzi Aliyemweka Mwenyewe

Walikutana Adams Arcade, Jumamosi ya pilikapilika, kila mmoja amelishika nanasi la mwisho mezani kwa muuzaji. Naliaka alivaa sketi ya kijani yenye marinda na viatu vyeupe visivyo na doa.

"Chukua, madam," Mbuthia akasema.

"Madam ni mamako. Mimi naitwa Naliaka."

Nanasi wakalila pamoja. Miezi minane baadaye, Naliaka akampigia simu. "Sweetie, Jumapili uje kwetu Woodley. Baba anataka kukuona. Ukikosa, usinijue tena."

Mbuthia aliandika programu za kompyuta kwenye ofisi moja kule Spring Valley. Programu yao ilituma ujumbe kwa simu za wateja. Alhamisi, ili asiwasumbue wateja akiijaribu, alitunga kipande kidogo cha programu, kama mlinzi: kila amri ya kutuma ikipita, kiikamate kabla haijafika, kiiweke kando, kisha kijibu, "Umetumwa."

Ijumaa simu yake ikaibwa mjini. Jumamosi mkubwa wake akatangaza kwamba kesho wote watakuwa kazini. Simu ya ofisi haikuruhusiwa kupiga za mkononi, basi akaandika kwa kompyuta, kwa programu yao ile ile: "Mpenzi, nimefungiwa kazini. Niombee kwa mzee wiki moja." Kompyuta ikajibu: Umetumwa. Akashusha pumzi.

Kule Woodley kuku alipoa, akapashwa moto, akapoa tena.

Jumatano Mbuthia akanunua simu nyingine, akampigia Naliaka.

"Sasa, mpenzi?"

"Wewe nani?"

"Si nilikutumia message?"

"Message gani? Baba alikaa na suti mpaka giza likaingia." Akakata.

Mbuthia akafungua kompyuta. Ujumbe wake ulikuwa umelala pale pale, kati ya jumbe za majaribio. Angemlaumu nani? Mlinzi alimweka mwenyewe.

Akauchapa kwenye karatasi, akaenda Woodley. Naliaka alikuwa barazani, leso kiunoni, akikunja nguo ndani ya sanduku. Mbuthia akamweleza yote. Naliaka akausoma ujumbe mara mbili.

"Nakuamini," akasema polepole. "Na hiyo ndiyo inaniuma. Jana nilitia sahihi uhamisho wa kazi kwenda Kitale. Naondoka kesho."

"Waambie umebadili nia."

"Kiti changu cha ofisini kishapewa mtu, Mbuthia."

Mbuthia akaichukua karatasi, akaikunja.

"Utaniandikia?" Naliaka akauliza.

"La. Nitakuja mwenyewe."

Naliaka akasogeza sanduku kando apate njia.

"Basi anza na baba. Yuko sebuleni, na amekasirika."