Nusu ya Salamu Maria

Haya yalimpata Yasinta, mwalimu niliyefundisha naye kabla hajahamia ofisi za serikali za Mtumba. Alasiri moja parokia yake ilimtuma akachukue hostia, mikate ya komunyo, kwa watawa, kwenye kanisa lao la tangu enzi za Wajerumani.

“Shikamoo, Sista.”

“Marahaba! Leo Mtumba wamekufungua kamba, ee?” Sista Benigna wa mlangoni alimtania. “Ingia usali, mwanangu. Hostia bado zinapoa.”

Yasinta aliinamisha macho. Sista Ludovika wa nyumba hiyo, aliyemlea, alipokuwa mgonjwa alimwomba mara nne, “Njoo unijibie rozari, sauti yangu inakwisha.” Kila mara Yasinta alisema kesho. Jumanne iliyopita walimzika, yeye yuko kikaoni.

Ndani madirisha yalikuwa yamefungwa kuzuia vumbi, giza lilikuwa zito, na upepo ulikwaruza mabati. Alipiga magoti, akanong’ona Salamu Maria. Alipofika nusu alinyamaza kwa mazoea, maana nusu ya pili husemwa na anayejibu.

“Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu,” sauti dhaifu ikajibu kutoka benchi la nyuma, polepole, mpaka amina.

Hakugeuka. Alilia, akaomba msamaha.

Kisha sauti ile ikaanza yenyewe, “Salamu Maria,” ikafika nusu, ikanyamaza, ikamsubiri.