Jumamosi ya Eliufoo

Kopo la pini lilimponyoka Brightness katikati ya soko la Same, pini zikatawanyika miguuni mwa watu. Kabla hajamaliza kupiga kelele, kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, alichuchumaa, akatoa sumaku mfukoni na kuipitisha vumbini. Pini zikaruka kuifuata.

"Unatembea na sumaku? Wewe mganga?"

"Sumaku ndiyo kazi yangu, dada. Naitwa Eliufoo, wa Vudee. Nasoma Ujerumani, niko likizo."

Brightness alikuwa fundi cherehani, na si mtu wa kuamini upesi. Hata kitambaa kilichopimwa dukani alikipima upya. Lakini gauni lake la kitenge cha njano lilimkaa vizuri siku ile, kijana akaliona, naye akajua limeonekana. Sumaku ikabaki kwa Brightness.

Likizo ikaisha, mapenzi yakaendelea kwa simu.

"Hebu nieleze tena, laazizi. Unapiga picha sumaku?"

"Ndogo kuliko chembe ya vumbi. Usumaku wake unazunguka kwa kasi ambayo hakuna kamera inayoiwahi. Kwa hiyo tunaisukuma tena na tena, mamilioni ya mara, na kila mara tunaimulika kidogo tu kwa eksirei. Ukijumlisha mimuliko yote, unaiona inavyozunguka, kama sinema."

"Na siku ikizunguka tofauti?"

"Picha inaharibika. Lazima irudie vilevile."

"Kama wewe na Jumamosi!" Brightness akacheka.

Wote wawili walikuwa Wasabato, na Eliufoo alizidi. Jumamosi alikunywa chai iliyochemshwa Ijumaa, ikalala kwenye chupa. Baba yake Brightness, mzee wa kanisa, alimpendea hilo, akakubali washenga wa Vudee waje mwisho wa mwezi.

Jumamosi moja, baada ya ibada, Brightness alipiga simu. Akapokea mwanamke, anacheka, anasema Kijerumani. Kisha akaja Eliufoo, anahema.

"Nani huyo?"

"Victoria, mwenzangu. Nitakupigia, mpenzi, niko kazini."

"Kazini? Leo?"

Simu ikakatika.

Brightness aliumia vibaya. Mtu asiyechemsha hata chai Jumamosi, eti yuko kazini! Angesingizia ugonjwa angalau. Akaifungia namba yake, akamwambia baba washenga wasije. Sababu hakuisema.

Basi Eliufoo akaja mwenyewe kutoka Ujerumani. Akaibuka mbele ya cherehani, shati limekunjamana, macho mekundu.

"Mwambie Victoria akupigie pasi," Brightness akasema bila kuinua kichwa.

"Nilikuwa kazini, Bright."

"Usinizingue!"

"Ile mashine ya eksirei inagombaniwa. Unaomba, unasubiri miezi, unapewa siku zako tu. Zangu zikaangukia Sabato. Victoria alipokea simu kwa sababu mikono yangu ilikuwa kwenye vifaa. Niliona aibu kukwambia. Niliogopa baba yako atajua."

Akamwonyesha kwenye simu ile sinema ya sumaku: duara la kijivu, na katikati doa jeusi likizunguka polepole. Lilikuwa zuri, na Brightness akakasirika kwamba ni zuri.

"Hii haisemi ulikuwa na nani."

"Haisemi. Basi naenda kwa baba yako, nimwambie yote."

"Atakukataa."

"Najua."

Nyumbani, Brightness alijibanza nyuma ya pazia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Eliufoo akaeleza kila kitu: kwamba alifanya kazi siku ya Sabato kwa hiari yake, akaficha. Brightness akawaza: mtu anayetunga uongo hatungi ule utakaomnyima mke.

"Umenivunja moyo, mwanangu," mzee akasema. "Lakini anayeolewa ni Brightness. Ajibu yeye, maana najua yuko hapo nyuma ya pazia."

Brightness akatoka, anajifuta machozi.

"Washenga waje," alisema. "Ila bado sijakuamini sawasawa. Kila Jumamosi nitakuuliza uko wapi na uko na nani."

"Mpaka lini?"

"Wewe si ndiye uliyesema mamilioni ya mara?"

"Jumamosi milioni, Bright? Hayo si maisha yote na zaidi?"

"Sasa ulidhani nakubali ndoa ya muda gani?"