Kitambaa Kwenye Mdomo wa Injini

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kuchukua silinda, na nilikwenda na hasira zangu. Mkereza vyuma alikuwa ananizungusha tu: njoo kesho, njoo jioni, mashine imegoma. Mimi ni fundi pikipiki, mwanamke, na nimezoea kuzungushwa na wanaume wanaodhani nitachoka. Sichoki. Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumpa, hata usingizi angeukosa.

Sikuyatumia. Nilimkuta ameketi nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlango wa karakana yake umefungwa. Silinda yangu ilikuwa ng'ambo ya njia, juu ya jiwe, peke yake.

"Shikamoo mzee. Siku hizi vitu vya watu mnavitupa barabarani?"

"Marahaba, binti. Kaichukue mwenyewe."

"Umeichonga?"

"Nimeichonga. Pistoni mpya itaingia vizuri." Akashusha sauti. "Nilipozima mashine... iliendelea kupumua."

"Nini?"

"Silinda yako. Ilipumua."

Nilimwambia apunguze anachokunywa mchana. Hakucheka, wala hakukasirika. Alinionyesha kwa kidole tu. Kwenye ukingo wa chini wa silinda kulikuwa na kijipande cha kitambaa kimenasa, kilikuwa cheupe kabla ya mafuta kukifanya cheusi, na pindo lake lilishonwa kwa mkono.

"Kaka yako alisahau kitambaa ndani," alisema. "Usirudishe chochote kabla hujafungua tumbo la injini. Na wakati mwingine mtafute mkereza mwingine."

Kwa wasioijua kazi yetu, hili ni kosa la aibu. Ukitaka kufunga pistoni, kuna klipu ndogo inayoshika pini yake, na klipu hiyo inapenda kuruka. Ikikuponyoka itaangukia tumboni mwa injini. Kwa hiyo unauziba mdomo wa tumbo kwa kitambaa kwanza, unafunga klipu yako, kisha unakitoa kitambaa. Ukisahau kukitoa, injini inakila. Kinaziba njia ya mafuta, pistoni inakauka, inang'ang'ania silinda, na pikipiki inakurusha.

Ndivyo ilivyomrusha kaka. Pikipiki ni kuukuu, ya marehemu baba, aliipenda kuliko alivyotupenda sisi. Ndiyo iliyomuua baba, au ndivyo nilivyoambiwa: ilianguka kutoka kwenye stendi pale gereji kwetu ikampasua kichwa. Nilikuwa safarini kikazi, nikawahi maziko tu. Nilipoondoka tena, kaka akaamua kuifufua ile pikipiki peke yake, akaivunja injini yote na kuiunga upya. Safari ya kwanza tu, injini ikakaba. Akavunjika paja. Mimi akaniambia mafuta yalipungua, na nikamwamini, kwa sababu kaka yangu huyu hajawahi kunidanganya. Utotoni, baba akininyanyulia mkono, kaka ndiye aliyejitia katikati. Sina mtu mwingine kama yeye.

Nilimkuta gereji, kwenye benchi lake, mguu umenyooshwa na plasta yake. Huwa anakaa pale kunisumbua nikiwa kazini.

"Mama Spana karudi," alisema. "Umemwacha mzee wa watu akiwa hai?"

Nilikiweka kile kijipande mapajani mwake.

Utani ulimtoka usoni. "Kimetoka wapi hiki?"

"Wewe unajua kimetoka wapi. Naenda kufungua tumbo."

"Usifungue. Bandika silinda tu, mdogo wangu. Nakuomba."

"Ili ikurushe tena ikumalize?"

"Usifungue..."

Injini ilikuwa imebanwa kwenye meza, mdomo wazi juu. Mkono wa pistoni, ule mchuma unaopanda na kushuka, ulikuwa umesimama katikati. Nilimulika kwa tochi. Kilikuwa pale chini, kimejisokota kwenye krenki, ule mhimili unaozunguka tumboni. Nikakishika kwa koleo nikavuta. Kilikuja kirefu, kirefu kuliko kitambaa chochote cha kazi, kikidondosha mafuta meusi. Mama akaingia na chai yetu. Alikitazama, akaliweka sinia chini polepole.

"Hicho nilimfungia baba yenu taya," alisema.

Akasogea, akalishika pindo lililoning'inia.

"Nilikishona mwenyewe asubuhi ile, mdomo wake usibaki wazi. Kabla ya kumzika nikakifungua." Akamgeukia kaka. "Nilikupa ukichome."

"Nilidhani nimekichoma, mama. Labda kiliingia kwenye gunia la matambara..."

Alisema akitazama sakafu. Hapo ndipo harufu ilipokuja. Kwanza mafuta yaliyoungua. Halafu sabuni, ile aliyooshewa baba kabla ya maziko.

Mkono wa pistoni ukashuka.

Hakuna aliyeugusa. Injini haikuwa na silinda, haikuwa na petroli, haikuwa na kitu. Ukashuka, ukapanda. Hewa ikatoka mdomoni mwa injini, ikaingia, ikatoka... Mtu aliyelala chali chini ya gari hupumua hivyo.

"Nipe ile."

Ilikuwa sauti ya baba. Baba hakuwahi kutaja chombo kwa jina. Alikuwa akijilaza chini ya kazi yake, ananyoosha mkono bila kutazama, anasema nipe ile, na ni juu yako kujua ni ipi. Ukikosea, chombo kinakurudia kichwani. Nina kovu nyuma ya sikio. Kaka ana matatu. Mama jino lake la mbele limekatika, na hatukuwahi kuuliza.

Mwili wangu ulitii kabla ya akili. Nilichukua spana ya karibu nikaipeleka. Mchuma ukapanda kwa nguvu, ukaipiga, spana ikaruka ikanichana juu ya jicho. Damu ikaniziba macho.

"Siyo hii."

Mama alikuwa amegandamana na ukuta. Kaka alikuwa ameshainuka, anaruka kwa mguu mmoja, ameng'ang'ania meza.

"Nipe ile uliyonipigia."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikamtazama kaka. Uso ulikuwa umemsawijika kwa hofu. Alikinyakua kile kitambaa kutoka kwenye koleo langu akakisukuma mdomoni mwa injini kwa ngumi, akikisindika ndani hadi kiwiko.

"Nyamaza," alikuwa anasema. "Nyamaza, nyamaza..."

Krenki ikazunguka.

Nimesikia mifupa ikivunjika. Huwezi kuitofautisha na kuni kavu, ila kuni hazina mtu wa kupiga kelele. Kaka alipiga yowe moja, halafu akauma meno. Mchuma ulishuka juu ya mkono wake, ukapanda na kipande cha shati, ukashuka tena. Ulikuwa unamla. Nilichomeka bomba kwenye nati ya krenki nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Likaninyanyua. Nikachukua nyundo nikapiga mchuma, nikapiga meza, nikapiga popote. Damu na mafuta vilinirukia mdomoni. Kiwiko kiliingia. Bega likaanza kukifuata.

"Mkate mkono!" nilimpigia mama kelele. "Leta msumeno!"

Lakini kaka hakuwa ananitazama mimi. Alimtazama mama, jasho linamtiririka, akatikisa kichwa.

"Usiseme, mama. Wewe usiseme kitu."

Mama akatoka. Nilidhani amekimbia, na nilimlaani, Mungu anisamehe. Niliendelea kupiga. Sauti ndani ya injini ilikuwa inarudia neno moja kwa utulivu, kwa kila mzunguko. Nipe... nipe... nipe.

Mama alirudi amebeba kitu alichokiviringisha kwenye nguo yake ya zamani. Akakifungua. Ilikuwa spana ya gurudumu, ile ndefu ya baba, niliyoambiwa iliibwa siku ya msiba. Kichwani mwake damu ilikuwa imekauka, na nywele zenye mvi zilikuwa zimegandia humo.

Akasogea hadi mezani. Mikono haikumtetemeka.

"Hii hapa, baba watoto," alinong'ona, akaiingiza mdomoni mwa injini.

Ikasimama.

Nilimchomoa kaka. Kilichotoka hakikuwa mkono tena. Nilimfunga kwa mpira wa tairi juu ya kiwiko huku nikilia, na mama alinishikia tochi.

"Aliposema 'uliyonipigia', baba yenu hakuwa anaongea na kaka yako," alisema.

Hakuongeza kitu, na mimi sikuuliza. Kama kaka alikisahau kile kitambaa, au alikiweka kwa makusudi ili marehemu asifumbue kinywa chake, hilo nalo sikuuliza. Nilikuwa nataka aishi tu.

Aliishi. Hospitali walimkata mkono juu ya kiwiko. Tuliwaambia ni ajali ya mashine, na hiyo si uongo. Daktari alishangazwa na nyuzi nyeupe alizozikuta ndani ya nyama, zimepanda mpaka begani. Alisema ametoa nyingi, nyingine zimeingia ndani sana, hazina madhara. Injini tuliizika nyuma ya gereji, spana mdomoni. Siku hizi nafanya kazi kwa mtu. Kaka amenenepa kidogo, ananitania kama zamani, anasema mshahara wangu nimpe nusu maana ana nusu ya mikono. Nilishaanza kucheka tena.

Ila akilala, taya lake linaanguka wazi.

Mwanzoni ilikuwa pumzi tu. Inatoka, inaingia... Halafu kile kigutu kikaanza kunyanyuka, kinajinyoosha hewani bila yeye kuamka. Halafu neno.

"Nipe..."

Si sauti yake.

Juzi, mchana baada ya kula, nilisikia kimya kikubwa chumbani kwake nikaenda kuchungulia. Jua lilikuwa kali dirishani. Kaka amelala chali, mdomo wazi, kigutu kimeinuka. Mama ameketi kitandani, miwani puani, anamalizia kushona pindo la kitambaa cheupe, kirefu. Akaukata uzi kwa meno.

"Mama, yu hai huyo," nilisema.

"Najua kama yu hai. Atapumua kwa pua."

"Mama..."

"Anaanza kutaja majina, mwanangu. Jana alitaja langu." Alikunja kitambaa mara mbili, akakipitisha taratibu chini ya kidevu cha mwanawe. Mikono haikumtetemeka. "Leo ameanza la kwako."

Kaka akavuta pumzi ndefu. Midomo yake ikaanza kuunda jina ambalo baba pekee ndiye aliyeniita.

"Nishikie kichwa," alisema mama.

Nikamshikia.