Gari Lililoridhika na Salama

Gari jiendeshi lilikuwa likiteremka Mlima Kitonga bila usukani wala dereva. Ndani alikuwamo abiria mmoja tu, Mzee Anyelwisye, mwalimu mstaafu. Kila tairi lilikuwa na kihisi-upepo, kidude kidogo kinachopima upepo gurudumu likizunguka. Lakini mteremkoni uzito huegemea mbele, vipimo vinavurugika. Basi gari lilifundishwa kumuuliza abiria, na jibu lake ndilo la mwisho. Kanuni hiyo aliitunga Mhandisi Lugano, binti yake mzee huyo, na leo yeye mwenyewe ndiye aliyekalia kiti cha uangalizi mjini Iringa.

Kwenye kioo cha kompyuta yake, kilichomwonyesha pia baba yake ndani ya gari, alama ya tairi la nyuma kushoto ikageuka nyekundu.

"Upepo unaonekana kupungua," gari lilisema kwa adabu. "Habari ya safari, mzee?"

"Salama tu. Ila naona..."

"Asante," gari likamkatisha, na mwendo ukabaki uleule.

Lugano aling'amua kosa lake. Mungu wangu! Nani nchi hii huanza na "mbaya"? Mtu katoka kuzika na bado atakujibu nzuri, ndipo akueleze. Aliyafundisha magari kila kitu, hilo akalisahau.

Akafungua laini. "Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Baba, tairi linaisha upepo. Likiisha kabisa konani, gari litaserereka bondeni. Mimi siruhusiwi kuliongoza, linakusikiliza wewe. Liambie hali ni mbaya."

"Ah, hamna shida. Linatikisika kidogo tu."

"Asante," likasema gari.

"Baba jamani!"

Kona ikafika. Gari likayumba, mpira ukanguruma juu ya lami. Lugano akauona mkono wa baba yake ukikimbilia kitufe cha dharura.

"Usibonyeze! Breki ya ghafla italipindua. Lazima lipunguze mwendo taratibu, na ni mpaka useme. Nakusihi, baba, sema!"

Mzee akaondoa mkono kwenye kitufe. Kisha akasema, "Naogopa, Lugano. Hali mbaya. Mbaya sana."

Papo hapo gari likaacha kuvuta. Halikufunga breki, mota ililipunguza mwendo polepole, magurudumu yamenyooka, taa za tahadhari zikimweka, mpaka likaingia maegesho ya kando ya mwamba, likasimama.

Lugano alishusha pumzi. "Shukia upande wa mlima, baba, ukae mbali na barabara. Fundi yuko njiani. Sasa habari?"

Aliuliza kwa mazoea, kidole tayari kukata laini, kama afanyavyo kila Jumapili.

"Mbaya," alisema mzee. "Tangu mama yako afariki sili vizuri. Nalala taa inawaka. Ukipiga nasema salama, nawe unasema asante baba, unakata."

Machozi yalimtoka Lugano mbele ya wenzake wote. Akamwashiria mwenzake wa karibu ashike kiti cha uangalizi.

"Leo sikati," alisema. "Tuanze na chakula. Jana ulikula nini?"