Imeandikwa, Haijaitwa

Rafiki yangu Tajudini hutengeneza kompyuta bandarini. Wiki iliyopita alipewa kazi ya kurekebisha programu inayounganisha mzani na kompyuta. Aliyeiandika alizipa sehemu zake majina ya wafanyakazi, basi kila Taju akiijenga upya, kompyuta ilionya: “Yahaya: imeandikwa, haijaitwa. Tajudini: imeandikwa, haijaitwa.” Yaani sehemu hiyo ipo, lakini programu bado haijaiita ifanye kazi.

“Wacha tu, Taju,” Yahaya, mpimaji wa mizigo, alicheka. “Iyo ni maonyo tu, haina ubaya.”

Jumatatu asubuhi onyo la Yahaya halikutokea, ingawa hakuna aliyegusa programu. Alasiri tukamzika.

Leo Taju amenipigia simu. Yuko peke yake ghalani, umeme umekatika, kompyuta inatumia betri.

“Mi sioni onyo hata moja,” akanong'ona.

Nyuma yake, gizani, nikasikia mtu akimwita kwa jina.

Taju akaitika, “Naam?”