Maji Si Mawese

Zamani, kila nyumba ya mtaa wetu hapa Rumonge ilikuwa na mtungi wa maji. Mama Sikuzani anaukumbuka sana ule wa mama yake. Ulikaa kwenye kona yenye giza, juu ya mchanga, umefunikwa vizuri. Ukitoka juani ukachota kikombe kimoja, koo lote lilipoa. Mtungi ule ulivunjika siku walipokimbia vita. Mpaka leo anapoutaja, sauti yake hubadilika.

Sasa anaishi na mwanawe Hamissi, muuza mafuta ya mawese. Mwaka jana Sikuzani alikunywa maji ya ziwa, akapata kipindupindu, nusura afe. Alipotoka hospitali, Hamissi alinunua tenki kubwa la plastiki ili wahifadhi maji ya bomba, maana bomba letu huja likipenda.

Alichagua tenki jeupe, linalopitisha mwanga. Akaliweka katikati ya ua, juani kabisa. Sokoni, Hamissi huweka mawese yake hivyo. Mteja aone rangi, na jua liyazuie yasigande. Basi akadhani na maji yanapenda hivyo hivyo. Jamani, Hamissi!

Haukupita muda, maji yakaanza kunuka. Ndani ya tenki kukawa kijani na utelezi. Asubuhi moja Sikuzani alionja maji, akayatema, akachukua ndoo.

"Mama, unaenda wapi?" Hamissi aliuliza.

"Ku ziwa. Maji yako iko na harufu ya vyura."

"Ku ziwa! Umesahau ile ugonjwa?"

"Sijasahau. Lakini hii siwezi kunywa. Ningekuwa na mutungi ya mama yangu, tusingegombana."

Hamissi alisimama mlangoni, akamzuia. Aliogopa kumpoteza mama yake. Jirani yao Chanceline, mhudumu wa afya wa mtaa, alisikia kelele akaja.

"Amahoro, mama. Iko nini?"

Walimwonyesha tenki. Alichungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Hii kijani inaitwa mwani. Ni mimea midogo sana. Inataka maji na mwanga, na Hamissi ameipa vyote." Kisha akamgeukia Sikuzani. "Mama, mutungi ya mama yako ilikaa wapi?"

"Ku kona, mu giza. Imefunikwa."

"Uliona kijani ndani?"

"Hata siku moja!"

"Basi mama yako alijua. Pasipo mwanga, mwani haioti."

Hamissi alijikuna kichwa. "Kumbe mimi nimeyaweka kama mawese."

"Maji si mawese, ndugu yangu," Chanceline alisema, na wote watatu wakacheka. Sikuzani akaweka ndoo chini.

Siku hiyo walimwaga maji yote. Walisugua tenki kwa brashi na sabuni, wakalisuuza. Halafu wakatia maji yenye dawa ya klorini, wakafuata maelezo ya pakiti, kisha wakayamwaga na kusuuza tena.

"Sasa mupake rangi nyeusi," Chanceline alisema. "Nje tu, ndani hapana. Muliweke mu kivuli, kifuniko kifunge vizuri. Mukiona utelezi tena, musafishe. Na maji ya kunywa muzidi kuitia dawa."

"Murakoze, Chanceline," Sikuzani alishukuru.

Hamissi alilipaka tenki rangi, ikakauka. Akalihamishia nyuma ya nyumba, pasipofika jua, na bomba lilipokuja akalijaza.

Mwezi ulipita, maji yakabaki safi. Mchana mmoja wa joto kali, Sikuzani alichota kikombe cha maji yaliyotiwa dawa, akanywa polepole, macho ameyafumba. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Mama, maji imeharibika tena?" Hamissi aliuliza kwa wasiwasi.

"Hapana, mwanangu. Iko baridi kama ya mutungi ya kwetu."

Na ile ndoo ya kwenda ziwani? Sikuzani aliijaza udongo, akapanda mboga ya lengalenga. Akaiweka katikati ya ua, pale pale palipokuwa na tenki.

"Kijani ikae hapa," alisema. "Hapa ndiyo iko na jua."